Kupunguza na Kupanga Kabati la Mlangoni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wakazi wa Nairobi

Majibu haya yanahusu nyumba za kawaida za ghorofa, kuanzia chumba kimoja hadi vyumba vitatu vya kulala, ambako kabati la mlangoni huwa na upana wa mita moja hivi, au halipo kabisa na mahali pake pana rafu ya viatu na misumari michache ukutani.

Ni vitu gani hasa vinavyostahili kukaa katika kabati la mlangoni?

Ni vile vinavyotoka nje pamoja na mtu na kurudi naye. Viatu vya kazini na vya shule, jaketi la asubuhi ya baridi, mwavuli, mkoba, kofia, helmeti ya mwenye pikipiki, mfuko wa kwendea sokoni na funguo hupita mlangoni angalau mara moja kwa wiki, na kwa hiyo vina haki ya kuwa karibu na mlango. Pasi, masanduku ya safari, nguo za mtoto zilizombana, rangi iliyobaki baada ya ukuta kupakwa na boksi la televisheni lililohifadhiwa kwa ajili ya dhamana havipiti hapo kila wiki. Viliwekwa humo kwa sababu siku vilipoingia nyumbani hakuna aliyeamua mahali pake. Karibu kila kabati lililofurika limejaa maamuzi ya namna hii yaliyoahirishwa, na ndiyo maana kununua makasha na vikapu kabla ya kuchambua vitu hakusaidii: vitu hupangika vizuri zaidi, lakini havipungui.

Vipo vichache vya dharura vinavyofaa kubaki hata kama havitoki. Tochi yenye betri nzuri ni kimoja, kwa sababu umeme ukikatika watu wengi hupapasa kuelekea mlangoni. Aidha, pale ambapo kisanduku cha swichi kuu ya umeme kimewekwa ndani ya kabati au kando yake, acha nafasi tupu mbele yake ili mkono uifikie swichi bila kuondoa hata koti moja.

Nianzie wapi?

Toa kila kitu. Wapo wanaopendelea kuanza na rafu moja leo na nyingine wiki ijayo, na kwa kabati la nguo la chumbani njia hiyo inafaa, lakini kabati la mlangoni ni dogo kiasi kwamba asubuhi moja ya Jumamosi inatosha. Tena ni pale tu linapokuwa tupu ndipo unapoona unyevu kwenye kona, mayai ya mende chini ya rafu na vumbi lililoshindiliwa kwenye maungio ya mbao.

Tandika shuka kuukuu sebuleni, weka vitu vyote juu yake, kisha uvigawe katika mafungu: vya kubaki, vya kuhamia chumba kingine, vya kumrudishia mwenyewe, vya kutengenezwa, vya kutolewa na vya kutupwa. Fungu la kumrudishia mwenyewe husahaulika, ilhali kwetu huwa kubwa, kwa kuwa nyumba zetu hupokea watu. Utakuta bakuli la jirani lililoletwa na chapati, mwavuli wa mgeni, sweta ya binamu aliyelala siku mbili akisubiri basi la kwenda nyumbani. Vitie vitu vya kila mtu katika mfuko wake, uandike jina juu yake, na umpigie simu siku hiyo hiyo.

Fungu la vya kutengenezwa lipewe tarehe. Kiatu kilichoachia soli kipelekwe kwa fundi wa viatu wa mtaani wiki hiyo. Kisipomfikia katika muda wa mwezi mmoja, kipewe mtu atakayekishonesha na kukivaa.

Kabla ya kurudisha chochote, fagia ndani, futa rafu kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, kausha, na uache milango wazi kwa saa kadhaa.

Ni wakati gani wa mwaka unaofaa zaidi?

Februari na Septemba. Mvua za masika hunyesha kwa kawaida kati ya Machi na Mei, na zile za vuli kati ya Oktoba na Desemba, kwa hiyo miezi hiyo miwili hukupa siku kavu za kuanika makoti, kujaribu miavuli na kugundua kwamba gambuti limepasuka kabla hujalihitaji. Kipindi cha baridi cha Juni hadi Agosti si kizuri kwa kazi hii, kwa sababu jiji liko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, jua huwa haba, na kila jaketi linatumika.

Kila mtu abaki na jozi ngapi za viatu mlangoni?

Mimi hupendekeza tatu: za kazini au shuleni, za kutembelea, na slipa au patipati za kuvaa akitoka kidogo. Viatu vya harusi, vya kanisani na vya michezo vikae chumbani mwa mwenyewe. Familia ya watu watano itakuwa bado na jozi kumi na tano, na rafu ya ngazi nne yenye urefu wa mita moja huzipokea bila kuzibananisha.

Viatu vya watoto vipimwe, visikadiriwe kwa macho. Mtoto asimame wima akiwa amevaa kiatu, kisha ubonyeze mbele ya kidole gumba chake: pakiwa hapana nafasi inayokaribia upana wa kidole chako gumba, kiatu hicho kimemalizika kwake, hata kama bado kinang'aa. Mwisho wa kila muhula ni wakati mzuri wa kufanya hivyo.

Wako pia wanaohifadhi viatu vipya kwa matumizi ya baadaye. Jambo hili lina hasara isiyoonekana mapema: soli nyingi za raba na za viatu vyepesi vya kutembelea hutengenezwa kwa poliyurethani, ambayo huharibiwa polepole na unyevu wa hewa hata kiatu kisipovaliwa, na siku ya kukivaa soli humeguka vipande vipande njiani. Kiatu kizuri kivaliwe au kipewe mwingine kingali na nguvu.

Tope la msimu wa mvua nilizuieje lisiingie kabatini?

Inategemea unakoishi. Upande wa magharibi na kaskazini wa jiji, kama Karen, Kabete na Runda, udongo ni mwekundu na hutia doa kwenye kitambaa na kwenye rafu nyeupe. Upande wa mashariki na kusini, kwenye tambarare za Embakasi na kuelekea Mto Athi, kuna udongo mweusi wa mfinyanzi ambao hunata kwenye soli kwa tabaka, ukiongezeka kila unapokanyaga.

Kosa la kawaida ni kufuta tope likiwa bichi kwa kitambaa chenye maji. Udongo mwekundu utaupaka kiatu kizima, na ule mweusi utauingiza katika mishono. Ondoa vipande vikubwa nje kwa kijiti, acha kiatu kikauke, kisha ukigonge na kukipiga brashi kavu. Kinachobaki ndicho cha kufutwa kwa kitambaa chenye unyevu. Ili upate mahali pa kusubiria, weka sinia kuukuu au trei ya plastiki yenye kingo, iliyotandikwa gazeti, chini ya rafu au kando ya kabati. Viatu vya ngozi vilivyolowa vijazwe karatasi za gazeti ndani na karatasi zibadilishwe zikilowa. Usivikaushe kando ya jiko au hita, kwa sababu ngozi hukakamaa na kupasuka pale panapokunjika vidole.

Kabati langu linanuka na makoti yanaota ukungu. Nifanye nini?

Ukungu unahitaji unyevu na hewa iliyotulia, na kabati la mlangoni hupata vyote viwili: koti lililolowa hufungiwa ndani usiku kucha, na mara nyingi kabati limeegemezwa ukuta wa nje ambao hubaki baridi. Livute kabati hilo mbele kwa sentimita tano ili hewa ipite nyuma yake. Mwombe fundi atoboe matundu machache juu na chini ya milango, au abadilishe mlango mmoja kwa wa vibao vyenye nafasi. Koti na mwavuli vikauke kwanza bafuni au kwenye roshani, na hili ndilo lenye uzito kuliko mengine yote.

Ukungu ulio kwenye mbao ufutwe kwa maji ya sabuni au siki, kisha mahali hapo pakaushwe kabisa. Usichanganye siki na dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa gesi yenye sumu, na ndani ya kabati uso wako uko karibu nayo mno.

Vipande vya makaa vilivyofungwa katika kitambaa hupunguza harufu kiasi, lakini haviwezi kushinda viatu vinavyowekwa vikiwa na jasho. Kuhusu vidonge vyeupe vya nondo, ombi langu ni kwamba visitumike katika kabati ambalo watoto hulifungua. Vile vyenye naftalini ni sumu vikimezwa, hufanana na peremende, na vinaweza kuvunja chembe nyekundu za damu, hasa kwa mtoto mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali inayopatikana zaidi miongoni mwa watu wenye asili ya maeneo ya malaria.

Mifuko ya sokoni imejaa kila mahali. Nibaki na mingapi?

Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipopigwa marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017, kila aendaye dukani bila mfuko hununua mwingine, na mwingine huo huishia kabatini ndani ya mwenzake. Chagua mitano iliyo imara, uongeze kiondo au kikapu kimoja cha mboga, na uviweke kwenye kulabu iliyo karibu zaidi na mlango. Mmoja ukunjwe uingie katika mkoba wa kila mtu mzima, kwa sababu mfuko ulio nyumbani haumsaidii aliye dukani akitoka kazini. Iliyochakaa na kuanza kutoa nyuzi itupwe. Iliyosalia mpelekee mama mboga wako, ambaye daima ana mteja aliyesahau wake.

Naweza kuweka mtungi wa gesi humo?

Hapana, hata ule mdogo wa kilo 6, na hata ukiwa umeisha. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutulia chini, na ndani ya kabati lililofungwa hujikusanya pasipo mtu kuihisi mpaka mlango ufunguliwe. Isitoshe, katika nyumba nyingi kisanduku cha umeme kiko hapo hapo, na mlango huo ndio njia ya kukimbilia nje moto ukitokea. Mafuta ya taa, petroli na rangi za mafuta zina hukumu hiyo hiyo.

Mitungi ya maji ya akiba ya siku za mgao inaweza kukaa hapo ikiwa sakafu ni ya vigae na kabati si la mbao zilizoshindiliwa, kwa kuwa mbao hizo zikilowa kwa chini huvimba na hazirudi.

Funguo ziwekwe wapi kwa usalama?

Mahali pamoja, ndani ya kabati, kwenye kulabu ambayo mtu aliye nje haioni. Milango yetu mingi ya chuma ina tundu la kupitishia mkono ili kufunga kufuli kwa ndani, na mkono unaoingia unaweza pia kufikia kulabu iliyo kando, au fimbo yenye ndoano ikafikia mbali zaidi. Simama nje, ingiza mkono wako, na uone unagusa nini. Vivyo hivyo kwa dirisha lililo karibu na mlango. Usiandike namba ya nyumba kwenye ufunguo. Tumia kibandiko cha rangi. Funguo ambazo hakuna ajuaye ni za kufuli gani zijaribiwe zote siku moja, na zisizofungua chochote ziende kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu.

Na risiti, barua na karatasi zinazorundikana hapo?

Karatasi zisiishi mlangoni. Zipumzike hapo kwa wiki moja ndani ya bahasha moja kubwa, na Jumapili jioni bahasha imwagwe. Risiti za supamaketi huchapishwa kwa joto na hufifia, kwa hiyo ile unayoihitaji kwa ajili ya dhamana ipigwe picha mapema. Risiti ya amana ya nyumba itunzwe mpaka utakapohama na kurudishiwa fedha zako. Mwenye biashara anatakiwa na Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2015 kutunza rekodi zake za kodi kwa miaka 5, na faili hilo likae chumbani.

Karatasi moja tu ibandikwe ndani ya mlango wa kabati: namba ya mita ya umeme, ambayo kwa mita za tokeni ina tarakimu 11, pamoja na namba za simu za msimamizi wa jengo, fundi bomba na jirani mmoja. Tokeni ikiisha saa nne usiku, mtoto yeyote ajuaye kusoma ataweza kukutajia namba hiyo kwa simu ukiwa bado barabarani.

Nataka fundi anitengenezee kabati jipya. Nimpe vipimo gani?

Kwa makoti yanayoning'inizwa kwenye hanga, kina cha ndani kiwe kati ya sentimita 55 na 60. Kikipungua hapo, milango haitafunga vizuri. Kama ukumbi ni mwembamba, acha hanga, chukua kina cha sentimita 35 na utumie kulabu. Fimbo ya makoti ya watu wazima ikae kwenye urefu wa sentimita 165 hivi. Rafu ya viatu vya kawaida inahitaji sentimita 15 hadi 18 za nafasi kwenda juu, na moja iachwe yenye sentimita 40 kwa ajili ya gambuti.

Mafundi wengi wa Gikomba na wa kando ya Barabara ya Ngong huzungumza kwa futi na inchi, kwa sababu bodi zenyewe huuzwa kwa futi 8 kwa 4. Andika vipimo kwa namna zote mbili kwenye karatasi moja ambayo wewe na fundi mtabaki na nakala yake. Ulizia mambo mawili yanayoamua uhai wa kabati. La kwanza ni kingo: bodi zilizoshindiliwa lazima zifungwe kwa utepe pande zote, hata zile zisizoonekana, maana unyevu huingilia hapo. La pili ni miguu: hapa kwetu sakafu hupigwa deki kwa maji mengi karibu kila siku, na kabati lililokaa moja kwa moja juu ya vigae huanza kuvimba chini kabla ya mwaka kwisha. Miguu ya sentimita 10 huliepusha na maji na hukuruhusu kupitisha ufagio. Anayetaka kitu kisichojali maji kabisa anaweza kuagiza rafu ya viatu ya chuma kwa mafundi wa jua kali wa Kamukunji.

Mimi ni mpangaji na siruhusiwi kutoboa ukuta. Nitapangaje?

Omba ruhusa kwa maandishi kwanza. Baadhi ya wenye nyumba hukubali matundu mawili ikiwa utaahidi kuyaziba na kupaka rangi ukihama. Ukikataliwa, tumia rafu nyembamba inayosimama yenyewe, kulabu za kuning'iniza juu ya mlango wa chumba, na kibao kirefu chenye kulabu ambacho huegemezwa ukutani kwa miguu yake. Kulabu za gundi hushika vizuri kwenye vigae na kwenye rangi ya mafuta, lakini kwenye rangi ya maji huanguka pamoja na rangi yenyewe.

Mume wangu hataki kitu chochote kiondolewe. Nifanyeje?

Usitoe vitu vyake akiwa kazini, hata kama ni jaketi ambalo hajalivaa tangu mhame Umoja. Mpe sehemu yake ndani ya kabati, yenye mipaka inayoonekana, na mkubaliane kwamba ndani ya sehemu hiyo yeye ndiye mwamuzi. Nafasi ikijaa atachagua mwenyewe. Hali ni hiyo hiyo kwa mama mkwe, kwa kijana wa kidato cha tatu na kwa dada anayekusaidia kazi za nyumbani, ambaye mara nyingi hapewi hata kulabu moja ilhali ndiye anayelipanga kabati hilo kila siku. Mshirikishe tangu siku ya kuchambua, umuulize ni vitu gani humsumbua, na umwekee mahali pa koti lake na mkoba wake. Watoto wapate kulabu zilizo kati ya sentimita 90 na 110 kutoka sakafuni. Asiyeifikia kulabu ataacha sweta sakafuni, na kumkemea hakutambadilisha kimo.

Vitu nilivyoviondoa nivipeleke wapi?

Viatu na nguo zinazovalika vina wenyewe wengi: jamaa, makao ya watoto, kanisa au msikiti wa mtaani. Piga simu kwanza uulize wanahitaji nini na ukubwa gani, na upeleke vikiwa safi, vyenye kamba na vilivyofungwa jozi kwa jozi. Wauzaji wanaopita mitaani wakibadilisha nguo kuukuu kwa beseni na vyombo vya plastiki watachukua vingine. Kabla ya kukubali, hakikisha beseni unalihitaji kweli.

Chaja zilizokufa, simu kuukuu na betri visichanganywe na taka za jikoni. WEEE Centre, iliyoko hapa Nairobi, hupokea taka za kielektroniki. Kwa mengine, Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka zinazooza zitenganishwe na zisizooza, hivyo wape wabeba taka wa jengo mifuko miwili.

Baada ya wiki chache kabati limerudi lilivyokuwa. Nimekosea wapi?

Tazama ni kitu gani kinachorudi. Viatu vikiwa sakafuni huku rafu ina nafasi, rafu iko mbali mno na mahali watu wanapovua. Isogeze huko wanakovua, hata kama hupendi inavyoonekana. Makoti yakirundikwa kwenye kiti, pengine hanga zinawachosha na kulabu zingewafaa. Vitu vya vyumba vingine vikirejea, basi huko vyumbani havina mahali, na kazi yako inayofuata iko huko. Dakika kumi za Jumapili jioni, wakati viatu vya shule vinapigwa rangi kwa ajili ya Jumatatu, zinatosha kuhesabu jozi, kumwaga bahasha na kurudisha mifuko kwenye kulabu yake.

Siku ya wageni wengi, viatu vyao viwekwe wapi?

Kwa chama au harambee ya watu ishirini, kabati halitoshi na halipaswi kutosha. Tandika mkeka ukumbini kando ya ukuta, mbali na njia ya mlango, na umwombe mtoto mmoja avipange jozi kwa jozi vikielekea nje. Makoti yalazwe kitandani katika chumba kimoja. Miavuli iliyolowa iwekwe kwenye ndoo bafuni, na mgeni wa kwanza akiaga, mtoto yule yule apite na ndoo hiyo ili kila mtu achukue wake.